Kuangushwa mara 68: kosa la Caleb Williams au la waliokuwa mbele yake?

Mzee wa Yadi Kumi:

Wakuu, salamu zenu. Tangu Rams wa Los Angeles watutoe sisi Chicago Bears kwenye mtoano Januari kwa 20-17 katika muda wa nyongeza, kila ninapopita wanapokutana Waswahili wanaofuatilia futiboli ya Kimarekani nakuta ugomvi wa mwaka juzi umefufuka. Kuna wanaosema Caleb Williams, kwotabeki wetu, ni wa kupoteza mechi, uzuri wake unaishia kwenye picha. Kuna wanaosema kijana hana kosa hata moja, wenzake ndio wanaomzamisha. Kote kunanikera. Nitaandika kwa kirefu, kwa sababu safari hii tumepata ushahidi ambao haupatikani kirahisi: mtu yuleyule, jezi ileile ya Chicago Bears, misimu miwili isiyofanana hata kidogo.

Kwa mgeni wa mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila mkupuo wa kushambulia na kuamua uende wapi. Mbele yake wapo watu watano wa miraba minne ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Wakizuia vizuri anapata kama sekunde tatu za kutazama na kurusha. Wakishindwa, anaangushwa na mpira mkononi na timu inarudishwa nyuma. Anayeandikiwa kuangushwa ni yeye, si aliyepitwa. Hata ushindi na kushindwa huandikwa kwa jina la kwotabeki, heshima na adhabu ambayo mchezaji mwingine uwanjani hapewi.

Haya, 2024. Aprili mwaka ule Bears walimchukua Williams kutoka chuo cha USC, wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi (NFL). Walianza kwa 4-2, yaani kushinda nne na kufungwa mbili, watu tukaota ndoto kubwa. Kisha wakafungwa mechi kumi mfululizo na kumaliza 5-12. Williams aliangushwa mara 68. Katika historia nzima ya ligi, walioangushwa zaidi ya hapo ndani ya msimu mmoja ni David Carr, mara 76 mwaka 2002, na Randall Cunningham, mara 72 mwaka 1986. Na huyu alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye ligi.

Lakini 5-12 peke yake haikuambii mechi zilipoteaje. Chukua ile ya Washington, Oktoba 27. Bears wako nyuma 12-7, wamefika mlangoni kabisa pa tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), benchi linaamua mpira apewe Doug Kramer, mtu wa safu ya mbele ambaye kubeba mpira si kazi yake. Ukamponyoka. Williams akairudisha timu tena, Roschon Johnson akafunga zikiwa zimebaki sekunde 25, Bears wakawa mbele 15-12. Ikabaki pasi moja ya kubahatisha ya Jayden Daniels, kwotabeki wa Washington. Beki wetu Tyrique Stevenson, ambaye mkupuo ulipoanza alikuwa amewageukia mashabiki wa Washington akiwatania, akakimbilia kule na kuugusa mpira, ukapaa na kumwangukia mpokeaji wao Noah Brown. 18-15. Kwenye vitabu, Williams amepoteza.

Wiki tatu baadaye dhidi ya Green Bay aliifikisha timu mahali pa kupiga teke la pointi tatu la ushindi. Teke la Cairo Santos likazuiwa, 20-19. Wiki iliyofuata, dhidi ya Minnesota, timu ilipata pointi 11 ndani ya nusu dakika ya mwisho na kusawazisha 27-27, ikafungwa 30-27 kwenye muda wa nyongeza. Nazo ziko kwenye jina lake.

Msimamo wangu ni huu: kwa 2024, sehemu kubwa ya lawama ni ya waliompangia kikosi kile na benchi lile. Lakini ipo sehemu ambayo ni yake, na sasa tunaweza kuiona vizuri kuliko wakati wowote.

Nabii wa Jumapili:

Mkuu, umechagua mechi zinazokufaa. Siku ile ya Washington unayoilia, kijana alikamilisha pasi 10 kati ya 24. Kama angecheza vizuri dakika za mwanzo, ile pasi ya kubahatisha isingekuwa na maana yoyote. Mbona umeruka Arizona na New England? 29-9 na 19-3, mechi mbili bila tachidauni hata moja. Pale kwa New England aliangushwa mara tisa.

Hizo mara tisa zote ni za safu ya mbele? Itazame tena ile mechi. Kuna mikupuo anapewa muda wa kutosha, mpokeaji wa karibu yuko wazi, yeye anaendelea kuusubiri mpira mrefu, anarudi nyuma, anazunguka, mwishowe anakamatwa. Tabia hiyo alitoka nayo chuoni. Kuangushwa ni jambo la kwotabeki kama lilivyo la safu. Mwenye akili anautoa mpira mapema, hata akiutupa nje.

Na usiniambie hakuna aliyeshinda akiwa na safu mbovu. Joe Burrow, kwotabeki wa Cincinnati, Januari 2022, pale Tennessee: aliangushwa mara tisa na Cincinnati wakashinda 19-16. Mkubwa ni mkubwa.

Mzee wa Yadi Kumi:

Nabii, 10 kati ya 24 naikubali, na ile ya New England nimeitazama. Kweli iko mikupuo aliyojiponza mwenyewe. Lakini baada ya siku ile Bears walimfukuza Shane Waldron, kocha wa ushambuliaji, wakiwa wamecheza mechi tisa tu. Klabu yenyewe ilikiri kwamba tatizo halikuwa mikono ya mtu mmoja.

Burrow unamtaja nusu. Endelea na msimu uleule. Wiki mbili baada ya kuwatoa Kansas City wakafika Super Bowl, fainali ya ligi, dhidi ya Rams, Burrow akaangushwa mara saba, wakafungwa 23-20. Mwaka wake wa kwanza, 2020, goti lilishavunjika mishipa kabla ya Novemba kwisha. Kwenye uchaguzi wa 2021 Cincinnati walikuwa na nafasi ya kumchukua Penei Sewell wa safu ya mbele, wakamchukua mpokeaji Ja'Marr Chase. Chase ni hatari, sina neno. Sewell akaenda Detroit, akawa nguzo ya safu ambayo Ben Johnson, aliyekuja kuwa kocha wetu mkuu 2025, aliijengea ushambuliaji wake wote kule. Ile ya Tennessee inaonyesha moyo wa Burrow. Haionyeshi kwamba safu haina maana.

Binti wa Houston:

Jamani, mimi ninaishi huku Houston na hadithi ya David Carr bado inasimuliwa na watu wazima kama msiba wa nyumbani. Kaka zangu, kabla hamjapima nani mwenye kosa, mfikirieni yule aliyekuwa anaangushwa.

Texans walianza kucheza 2002, timu mpya kabisa, na wakamchagua Carr wa kwanza. Kumlinda walimtegemea Tony Boselli, waliyemchukua kutoka Jacksonville. Boselli hakuwahi kuvaa jezi ile hata kwa mechi moja, bega lilikataa. Carr akaangushwa mara 76. Mwaka 2005 tena, 68, sawasawa na Williams. Miaka yake mitano hapa ilimalizika kwa mara 249. Alipohamia Carolina 2007 alikuwa mtu mwingine: anahisi mkono wa mpinzani hata usipokuwepo, macho yanashuka kutazama miguu ya wanaomkimbilia badala ya kutazama wapokeaji. Kazi iliyobaki maishani mwake ilikuwa ya akiba.

Nabii, unaposema tabia ya kuushika mpira ni ya kijana, kumbuka kwamba tabia nyingine huzaliwa na kipigo. Mtu akishaumizwa mara hamsini, ya hamsini na moja huwezi kuigawa kirahisi kwamba hii ni yake na hii ya safu.

Au Andrew Luck, kwotabeki wa Colts. Mwaka 2015 figo lilichanika. Bega likamtoa nje msimu mzima wa 2017. Walipokuja kumletea watu wa kumlinda, Quenton Nelson akiwemo, msimu wa 2018 aliangushwa mara 18 tu. Agosti 2019, akiwa na miaka 29, akatangaza anaacha mpira. Ulinzi ulifika, mwili na moyo vilishachoka. Hakuna shabiki aliyemzomea siku ile anayeweza kunieleza leo alikuwa anazomea nini.

Mzee wa Yadi Kumi:

Dada, nakushukuru. Hilo la macho kushuka ndilo hasa nililoliogopa Desemba 2024, tulipofungwa 6-3 nyumbani na Seattle na akaangushwa mara saba. Nilidhani tumeshampoteza.

Mpwa wa Kinondoni:

Shikamooni wakubwa. Mimi mchezo huu nimeujua juzi tu kwa mjomba aliyeko huko. Swali: mbona kocha hamumtaji? Huku kwetu timu ikifungwa mechi tatu, wa kwanza kufungashiwa virago ni kocha. Huko mnabishana mchezaji na wenzake, kocha anakunywa chai?

Mzee wa Yadi Kumi:

Marahaba mpwa. Swali lako ndilo lililotakiwa kuanza uzi huu, na lina tarehe yake: Novemba 28, 2024, sikukuu ya Shukrani, Detroit.

Mapumziko Bears wako nyuma 16-0. Kipindi cha pili Williams anairudisha timu, inafika 23-20, mpira uko mikononi mwetu na tunakaribia umbali wa teke la kusawazisha. Zimebaki kama sekunde thelathini, Williams anaangushwa. Mkononi tuna ruhusa moja ya kusimamisha saa. Moja, na haijatumika. Kila aliyekuwa anatazama alikuwa anaipigia kelele televisheni: simamisha! Matt Eberflus, kocha mkuu, amesimama pembeni. Saa inakimbia. Wachezaji wanajipanga upya kwa kuhaha, Williams anabadilisha maelekezo, mpira unatoka zikiwa zimebaki sekunde sita. Pasi ndefu kwa mpokeaji Rome Odunze haikushikwa. Mechi imekwisha na ile ruhusa bado iko mfukoni mwa kocha.

Kesho yake Eberflus alifukuzwa. Klabu ile ilianza 1920 na haikuwahi kumwondoa kocha mkuu katikati ya msimu mpaka siku ile.

Gawanya sasa lawama za ule mkupuo mmoja. Kuangushwa: safu, na labda Williams kwa kutoutupa mpira. Mpangilio wa kuchelewa: Williams ana fungu, alipaswa kuharakisha. Lakini ruhusa ya kusimamisha saa ipo kwa ajili ya dakika kama ile, na benchi ndilo lenye macho matulivu. Kijana wa miaka 23, ndiyo kwanza ametoka chini ya watu wawili wa kilo mia na ishirini, kelele za uwanja mzima masikioni, halafu tunamdai awe pia mtunza saa? Hapana. Ile ya Detroit naipeleka kwa kocha bila kusita.

Nabii wa Jumapili:

Ya Detroit nakuachia. Lakini tuje 2025, maana ndipo hoja yenu inapoanza kuvuja. Mmempa kila kitu. Ben Johnson mwenyewe kutoka Detroit. Joe Thuney kutoka Kansas City, Jonah Jackson kutoka Rams, senta Drew Dalman kutoka Atlanta, katikati yote ya safu imebadilishwa ndani ya mwezi mmoja, Machi. Loveland na Burden wakachaguliwa ili awe na wa kuwarushia. Matokeo? Amekamilisha asilimia 58.1 ya pasi zake. Mwaka mbovu alikuwa na 62.5! Amelindwa na akashuka. Nani tena wa kulaumiwa?

Mzee wa Yadi Kumi:

Hapa ndipo nilipokuwa nakusubiri, na nakuomba usome taratibu.

Weka namba zote mezani, si moja. Kuangushwa: kutoka 68 hadi 24. Timu: kutoka 5-12 hadi 11-6 na ubingwa wa kanda yao. Yadi 3,942 za kurusha, nyingi kuliko alizowahi kufikisha kwotabeki yeyote wa Bears ndani ya msimu mmoja. Rekodi ya Erik Kramer ilikaa tangu 1995. Tachidauni 27, pasi zilizonaswa 7 tu.

Kutoka 68 hadi 24 kunasema nini? Mtu hawezi kubadilika kiasi hicho kwa kipindi kimoja cha mapumziko kama kosa lote lilikuwa lake. Thuney ni mfano mzuri wa jambo hili. Februari 2021 Kansas City waliingia Super Bowl bila walinzi wao wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wote majeruhi. Kwotabeki wao Patrick Mahomes, mtu ambaye hakuna anayemwita mbovu, alikimbizwa usiku kucha, wakafungwa 31-9 na Tampa Bay bila tachidauni hata moja. Klabu haikumgusa Mahomes. Iliibomoa safu na kuijenga upya: Thuney, Orlando Brown, Creed Humphrey, Trey Smith. Miaka miwili baadaye wakabeba kombe, na mwaka uliofuata tena. Bears walipomleta Thuney walikuwa wananunua somo ambalo Kansas City walishalilipia.

Lakini pia kutoka 62.5 hadi 58.1 kunasema kitu, na hapa siungani na wanaomtetea kwa kila hali. Sehemu ya ule mwaka wa kwanza zilikuwa pasi fupi za kukimbia kipigo, zinazopandisha asilimia bila kuisogeza timu. Sawa. Johnson naye anamtaka arushe mbali zaidi. Sawa. Baada ya kuyatoa yote hayo bado zinabaki pasi rahisi, mpokeaji yuko wazi yadi nane mbele, zinapita juu ya kichwa au nyuma ya mgongo. Miguu haijatulia chini yake. Hizo haziendi kwa Thuney wala kwa benchi. Ni zake.

Ndiyo maana nasema 2024 hatukuwa na haki ya kumhukumu. Ulikuwa huwezi kujua ni pasi gani imeharibika kwa sababu yake na ipi kwa sababu ya mtu aliyekuwa amemning'inia shingoni. Wamemwondolea yule mtu, na kilichobaki kikaonekana.

Na wenzake wa 2025 wapewe haki yao pia. Ulinzi uliokuwa unapokonya mipira kuliko timu yoyote ya ligi, Kevin Byard akinasa pasi saba, ulimpa kijana nafasi nyingi kwenye mechi ambazo alikuwa ameshaziharibu nusu. D'Andre Swift na Kyle Monangai walikimbia na mpira mpaka wapinzani wakaacha kumvamia yeye. Ushindi ule wa kutoka nyuma dhidi ya Green Bay, kutoka 21-3 mapumziko hadi 31-27, haukuwa wa mtu mmoja, kama vile zile mechi kumi hazikuwa za mtu mmoja.

Binti wa Houston:

Kaka, umetenda haki. Niongeze kwotabeki Sam Darnold tu. Jets walimchukua wa tatu mwaka 2018, wakambadilishia makocha, wakamuuza, New York nzima ikasema hafai. Mwaka 2024 Minnesota wakamweka na kocha Kevin O'Connell na mpokeaji Justin Jefferson, akashinda mechi 14. Halafu mchezo wa mtoano dhidi ya Rams akaangushwa mara tisa, wakafungwa 27-9, watu wakarudi kusema "si tulisema". Wiki moja anakuwa mfalme, wiki moja anakuwa takataka, na mkono ni uleule.

Nabii wa Jumapili:

Darnold nampa heshima yake. Mzee, nikuulize la mwisho kisha nilale. Mechi ya Rams. Pasi tatu zilinaswa. Ile ya mwisho, muda wa nyongeza, ulinzi wetu ulishawazuia Rams, tulihitaji teke moja tu la pointi tatu. Akarusha kwa mpokeaji wetu DJ Moore, Kam Curl wa Rams akanasa, Rams wakaja kupiga teke lao. Nani? Wapo wanaosema Moore alilegeza mbio. Nipe jina moja.

Mzee wa Yadi Kumi:

Williams.

Hata kama Moore alilegeza, wao wawili wamecheza pamoja misimu miwili, na ulikuwa wakati ambao huhitaji kurusha mpira usio na uhakika. Mikupuo mingine ilikuwepo. Teke lilikuwa linanukia.

Lakini katika mechi hiyohiyo, zikiwa zimebaki sekunde 18 na huu ndio mkupuo wa mwisho, walimvamia akarudi nyuma, akarudi, mpaka karibu na yadi ya 40, akarusha huku anaanguka kinyumenyume, na mpira ukatua mikononi mwa Cole Kmet ndani ya eneo la tachidauni. Bila pasi ile hakuna muda wa nyongeza wa kubishania. Na ni tabia ileile unayoichukia: kurudi nyuma, kukataa kuutoa mpira. Desemba 2024 ilimletea kipigo, Januari hii ikaleta 17-17.

Kwa hiyo Johnson ana kazi ngumu, kupunguza ile tabia bila kuiua. Nitakachoangalia Septemba ni pasi za yadi nane. Akizipata hizo saba kati ya kumi, safu ikiwa ileile, nitarudi hapa kubishana na wewe kuhusu Super Bowl. Akizikosa tena, Nabii, ufungue uzi wewe na mimi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono.